Kikilegea, Kinaharibika Nini? Ekseli ya Baiskeli, ya Zamani na ya Kisasa

Kama bumu limeingia na kuna baiskeli ya mtumba umeshaipigia hesabu, subiri kidogo. Rangi umeiona, gia umezihesabu, breki umezibana. Lakini kuna sehemu moja ambayo wanunuzi wengi hawaiangalii kwa sababu haionekani vizuri, nayo ndiyo itakayoamua kama baiskeli hiyo itakufikisha mwaka wa tatu au itaishia kuning'inia ukutani hosteli ikikusanya vumbi.

Sehemu yenyewe iko chini, katikati ya pedeli mbili. Kila unapokanyaga, uzito wako wote unapita hapo. Ukiendesha saa moja kwa mwendo wa kawaida wa mizunguko 60 kwa dakika, ekseli iliyomo humo imezunguka mara 3,600. Maji ya barabarani yanarukia hapo, vumbi linatua hapo, na ikilegea baiskeli nzima inaanza kulia kama kitanda cha kamba.

Mimi nasoma ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Fizikia na Hisabati. Mambo ya baiskeli nimeyajulia kwenye kibanda cha mjomba wangu Shinyanga, ambako nimekuwa nikimsaidia kila likizo tangu nikiwa kidato cha pili. Nimeamua kuandika kwa sababu wengi wetu tunanunua baiskeli kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha. Unapangiwa shule, unapata chumba kilomita nane kutoka hapo, bodaboda ya kila siku inakula hela ya chakula. Unanunua baiskeli. Sasa ni baiskeli gani?

Watu watakwambia, "Chukua ya kisasa, za zamani nzito." Wengine watasema, "Chukua ya zamani, za kisasa mayai." Wote wana ukweli nusu. Tulifungue jambo lenyewe tuone ndani.

Kwanza tuelewane majina

Fremu ya baiskeli ina bomba fupi lililolala kwa upana pale chini, mahali ambapo mabomba makubwa yanakutana. Hilo nitaliita nyumba ya ekseli. Ndani yake inapita ekseli ya kati. Kwenye kila ncha ya ekseli hiyo umefungwa mkono wa chuma unaobeba pedeli. Huo ni kranki. Ili ekseli izunguke bila kusuguana na fremu, inakaa juu ya gololi, na gololi zinakaa ndani ya bakuli la chuma lililofungwa kwenye nyumba. Siku hizi gololi nyingi zinakuja zimeshafungwa kabisa ndani ya ringi mbili, na hiyo ndiyo beringi.

Basi. Historia yote ya sehemu hii ni majibu ya maswali mawili tu. La kwanza: kranki inashikaje ekseli? La pili: bakuli au beringi inashikaje fremu? Ukishika maswali hayo mawili hutapotea.

Kizazi cha kota

Angalia baiskeli nyeusi za kubebea mizigo, zile Phoenix za China na ndugu zake kutoka India, ambazo zilifuata umbo la baiskeli za Kiingereza. Kwenye kranki, karibu na ekseli, utaona kijiti cha chuma kimepita kwa mkingamo na nati ndogo mwishoni. Hicho ni kota. Upande mmoja wa kota umechongwa bapa na kuinama kidogo, na ekseli nayo ina sehemu iliyochongwa bapa. Ukigonga kota kwa nyundo, bapa kwa bapa zinabanana, kranki inaacha kucheza. Kota mbili zinaingizwa kwa kuelekeana kinyume. Ukiziingiza zote kwa mwelekeo mmoja, kranki zako hazitakaa kwenye mstari ulionyooka, na utahisi kama unakanyaga ngazi yenye vipandio visivyolingana.

Ndani mna gololi 11 za robo inchi kila upande, zimelazwa kwenye grisi. Bakuli la kulia linakazwa moja kwa moja. La kushoto linarekebishwa: unalizungusha taratibu mpaka ekseli iache kuchezacheza lakini bado izunguke laini, halafu unafunga ringi ya kukazia ili lisitembee. Kazi hii haina kipimo cha mashine. Kipimo ni vidole. Mjomba alinifundisha kushika ncha ya ekseli kwa vidole viwili na kuizungusha polepole. Ukihisi mikwaruzo, umekaza mno. Ikicheza kushoto na kulia, bado.

Ubaya wake unajulikana. Ni chuma kitupu, kwa hiyo ni nzito. Haina kizuizi cha maana cha maji, kwa hiyo baada ya masika inafunguliwa, inasafishwa kwa mafuta ya taa, inawekwa grisi mpya. Kota inatoka kwa nyundo, na fundi asiyejua kuegemeza kranki juu ya kipande cha bomba au mti mgumu anapeleka pigo lote kwenye gololi na bakuli.

Lakini tazama kitu kimoja. Gololi zikichakaa, unanunua gololi. Bakuli likila, unanunua bakuli. Ekseli ikiingia mashimo, unanunua ekseli. Kota ikipondeka, ni kipande kidogo kuliko kidole chako, na ukikosa saizi unachukua kubwa kidogo ukailaza kwa tupa. Katika kuchakaa kote huko, fremu haijaguswa.

Nyuzi zinazokazwa kinyumenyume

Swali la pili: bakuli linashikaje fremu? Jibu la zamani ni nyuzi, yaani ile mistari ya kuzunguka kama ya bolti, ambayo fundi anaiita sredi. Na hapa ndipo kila nchi ilipokuja na yake.

Kipimo cha Kiingereza ndicho kilichoenea zaidi duniani: upana wa nyumba milimita 68, kipenyo inchi 1.37, ambayo ni karibu milimita 34.8, na nyuzi 24 kwa kila inchi. Waitalia wana nyumba ya milimita 70 na kipenyo cha milimita 36. Wafaransa walikuwa na milimita 35 na nyuzi zinazopishana milimita moja. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham, Uingereza, kwa miaka mingi ilitumia nyuzi zake yenyewe, 26 kwa inchi, kwenye baiskeli zake nyingi. Kwa macho vyote hivi vinafanana. Ukilazimisha bakuli la Kiingereza kwenye nyumba ya Kifaransa litaanza kuingia, halafu litaanza kutafuna.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba kwenye kipimo cha Kiingereza bakuli la kulia, upande wa cheni, lina nyuzi za kinyume. Linafunguliwa kwa kuzungusha upande ambao nati ya kawaida ingekazwa. Kwa nini?

Fanya jaribio hili sasa hivi. Kunja ngumi ya mkono wa kushoto kwa kulegea, ingiza penseli katikati. Shika ncha ya juu ya penseli kwa mkono wa kulia na uipeleke kwa mduara kama mshale wa saa, ukiacha penseli iwe huru kuviringika ndani ya ngumi. Utaona penseli yenyewe inajizungusha kinyume cha saa. Kitu cha duara kikiwa ndani ya tundu kubwa kidogo kuliko chenyewe, na mzigo ukawa unazunguka, kinaviringika kinyume na mwendo wa mzigo. Bakuli la ekseli liko hivyo hivyo ndani ya nyumba yake. Ukitazama baiskeli kutoka kulia, kranki inazunguka kwa mwendo wa saa, kwa hiyo bakuli la kulia linasukumwa kidogo kidogo kinyume cha saa. Kama lingekuwa na nyuzi za kawaida, lingejifungua lenyewe njiani. Nyuzi za kinyume zinageuza balaa hilo kuwa msaada: kadiri unavyoendesha, ndivyo linavyopenda kubaki limekaza. Waitalia waliweka nyuzi za kawaida pande zote mbili, na ndiyo maana bakuli la kulia la Kiitalia lazima likazwe kwa nguvu nyingi sana.

Angalizo kwa mafundi wapya: kwenye pedeli mambo ni tofauti. Pale ni pedeli ya kushoto ndiyo yenye nyuzi za kinyume. Usichanganye.

Nyuzi za fremu nazo zinaweza kuharibika, hasa mtu asiyejua anapolazimisha kufungua bakuli la kulia kwa upande usio wake. Lakini hata hapo mlango haujafungwa. Nyumba ya Kiingereza iliyoharibika inaweza kukatwa nyuzi upya kwa kipimo cha Kiitalia, kwa sababu cha Kiitalia ni kikubwa kwa zaidi kidogo ya milimita moja. Chuma kilichoumia kinaondolewa, kizima kinabaki. Inahitaji kifaa maalumu, sawa, lakini fremu inaokolewa.

Pembe nne

Kota ilipata mpinzani mapema. Katika miaka ya 1930, Stronglight ya Ufaransa ilikuwa tayari inatengeneza kranki zisizo na kota. Ncha ya ekseli imechongwa pembe nne na kupunguzwa kidogo kidogo kuelekea nje, na kranki ina tundu la pembe nne. Unaingiza, unakaza bolti katikati, kranki inapanda kwenye mteremko na kubana. Hii iliruhusu kranki za aluminiamu, nyepesi kuliko chuma.

Huu ndio mfumo uliopo kwenye baiskeli nyingi za gia zinazouzwa kwetu leo, mpya za bei nafuu na za mtumba. Za bei ndogo zina gololi na bakuli kama zamani. Nyingine zina ekseli na beringi vilivyofungwa pamoja kwenye kasha moja. Likichakaa hulifungui, unatoa zima na kuweka lingine. Hapo ule ufundi wa vidole umekufa, lakini na maji ya masika hayaingii kirahisi.

Kranki hizi hazitoki kwa nyundo. Zinahitaji pula ndogo yenye nyuzi, inayojifunga kwenye kranki na kusukuma ekseli. Fundi asiye na pula anagonga, na kranki inapinda. Tena ukiendesha huku bolti imelegea, ekseli ya chuma inakula tundu la aluminiamu mpaka pembe nne zinakuwa mviringo. Ikifika hapo hakuna kukaza, kranki imekwisha. Umepoteza kranki. Fremu bado nzima.

Kuna mtego mmoja mdogo: pembe nne ziko za aina mbili, ya Kijapani inayotumiwa na Shimano na ya kimataifa inayotumiwa na Campagnolo. Mteremko ni uleule lakini unene wa ncha si sawa, kwa hiyo ukichanganya, kranki inaweza kuzama mno au kubaki nje mno. Nenda dukani na ekseli ya zamani mkononi, usiende na maelezo ya mdomo.

Hamu ya ekseli nene

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo usasa ulipoanzia. Ekseli ya pembe nne ina unene wa karibu milimita 17. Mwendesha baiskeli wa mashindano akisimama kwenye pedeli, ekseli inajisokota kidogo, na nguvu inapotea. Ugumu wa ekseli ya duara dhidi ya kusokotwa unapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Ukitoka milimita 17 hadi 24, gawanya upate 1.41, kisha ipandishe kipeo cha nne: karibu 4. Yaani ekseli inakuwa ngumu mara nne. Na ukiitoboa katikati kuwa bomba, unapunguza uzito mwingi huku ukipoteza ugumu kidogo tu, kwa sababu kazi kubwa inafanywa na chuma kilicho mbali na katikati.

Nzuri sana kwenye karatasi. Tatizo ni nyumba. Ile nyumba ya Kiingereza ina milimita 34.8 tu. Katika miaka ya 1990 Shimano walitoa ekseli nene yenye meno iitwayo Octalink, na kampuni nyingine zikaungana kutoa yao iliyo wazi kwa kila mtengenezaji, ISIS. Ekseli ilinenepa, nyumba ikabaki ileile, na kilichobanwa katikati ni gololi. Ilibidi ziwe ndogo. Gololi ndogo zinabeba mzigo uleule kwa eneo dogo zaidi, na ISIS ikapata sifa mbaya ya kuchakaa haraka. Ni kama kuongeza godoro kubwa kwenye chumba cha hosteli bila kuongeza chumba: kitu fulani lazima kitoke.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shimano walitoa jibu ambalo mimi nalihesabu kuwa la busara kuliko yote ya kisasa. Beringi walizitoa nje. Bakuli linaingia kwa nyuzi zilezile za Kiingereza, lakini beringi inakaa nje ya nyumba, kila upande. Ndani panapita ekseli ya bomba ya milimita 24 iliyoungana kabisa na kranki ya kulia, na kranki ya kushoto inabana kwa bolti mbili ndogo. Huhitaji pula. Beringi zikifa unafungua bakuli kwa spana yake maalumu na kuweka jipya. Fremu ya mwaka 1980 yenye nyumba ya Kiingereza inaweza kuvalishwa mfumo huu bila kukatwa popote. Huo ndio usasa unaowaheshimu waliotangulia.

Kushindilia

Wengine hawakutaka kuishia hapo. Cannondale ya Marekani ilitoa BB30, na mwaka 2006 ikaufungua mfumo huo kwa kampuni nyingine. Nyuzi zikaondolewa. Nyumba ikawa tundu laini la milimita 42, ekseli milimita 30, na beringi inashindiliwa moja kwa moja ndani ya fremu. Ikafuatiwa na msururu: nyumba ya milimita 46 ambamo beringi zinakuja ndani ya bakuli la plastiki au aluminiamu, nyumba ya Shimano ya milimita 41, ya Trek yenye upana wa milimita 90, na nyingine ambazo kuzitaja zote ni kukuchosha. Kwa miaka michache kukawa na vipimo vingi kuliko vile vya enzi za Wafaransa na Waitalia.

Faida zipo, tusidanganyane. Ekseli ni nene zaidi na nyepesi zaidi. Nyumba pana inaruhusu mabomba ya fremu yawe mapana pale yanapokutana, kwa hiyo fremu inakuwa ngumu. Na fremu ya kaboni haihitaji tena kupachikwa pete ya chuma yenye nyuzi, jambo linalompunguzia mtengenezaji uzito na kazi.

Ila kila kitu sasa kinategemea usahihi wa tundu. Beringi iliyoshindiliwa inashikwa na msuguano tu, na tofauti kati ya kushika na kulegea ni sehemu chache za mia za milimita. Tundu likiwa kubwa kidogo, au la kulia lisipokuwa kwenye mstari mmoja na la kushoto, beringi inasogea kidogo kila unapokanyaga. Hapo ndipo ule mlio maarufu unapozaliwa: kri, kri, kri, kila mzunguko. Wateja wa Ulaya na Marekani walilalamika miaka kwa miaka kuhusu mlio huo.

Huko mteja akilalamika anarudisha fremu. Kwetu baiskeli hiyo inakuja ikiwa mtumba, mwenyewe wa kwanza keshaichoka, na hakuna wa kurudishiwa.

Mwenzangu mmoja wa mwaka wa tatu alinunua baiskeli ya aina hii, ya aluminiamu, nyepesi mpaka unainua kwa kidole, akaenda nayo mazoezi ya kufundisha. Wiki ya pili beringi ya kulia ikaanza kukwaruza. Fundi wa pale kijijini alifanya alichokijua: akaitoa kwa patasi na nyundo. Kwa bahati, beringi za mfumo huo ni za namba ya kawaida ya viwandani, 6806, na ndugu yake aliyeko Dar alimpatia kwenye maduka ya beringi na kuituma kwa basi. Ilipofika, ilidumbukia kwenye tundu kama shilingi kwenye kikombe. Nyundo ilikuwa imeshalivuta tundu. Wakajaribu kuweka kipande cha kopo la soda kuzunguka beringi. Ikashika siku nne. Wiki zilizobaki alitembea kilomita saba asubuhi na saba jioni, na vipindi vya kwanza alivikuta nusu. Mwalimu msimamizi aliandika alichokiona, yaani mtu anayechelewa.

Simlaumu yule fundi. Nataka uone ilipo tofauti. Beringi ilipatikana. Tundu ndilo halikupatikana, kwa sababu tundu ni fremu yenyewe.

Waliorudi kwenye nyuzi

Kama unadhani haya ni maneno ya mtu wa kijijini anayeogopa mapya, tazama waliotengeneza. Katikati ya miaka ya 2010 Chris King na Argonaut wa Marekani walileta kipimo kiitwacho T47. Walichukua ile nyumba ya kushindilia ya milimita 46, wakaikata nyuzi za kipenyo cha milimita 47. Kwa hiyo unapata nafasi ya ekseli ya milimita 30 na bado bakuli linakazwa kwa spana, la kulia likiwa na nyuzi za kinyume, vilevile kama zamani. Trek, waliokuwa na nyumba yao ya kushindilia, wakahamia T47 kwenye baiskeli zao za barabarani. Na mwaka 2020 Specialized walipotoa Tarmac SL7, baiskeli ya mashindano ya bei ya gari, waliirudisha kwenye nyuzi za Kiingereza za milimita 68. Zilezile.

Kwa wale ambao tayari wana nyumba ya kushindilia, kuna bakuli mbili zinazokazana zenyewe kwa zenyewe katikati ya nyumba, hivyo zinajibana kwenye fremu badala ya kutegemea msuguano wa tundu. Ni dawa nzuri, mradi tundu halijavutwa na mtu. Kwetu bado ni bidhaa ya kuagiza.

Ukienda kununua

Haya sasa, tuwe watu wa vitendo. Ukifika kwenye baiskeli, fanya hivi kabla ya kutaja bei.

Shika kranki yenyewe, si pedeli, uisukume kuelekea fremu na kuivuta nje. Kranki zote mbili zikicheza pamoja, tatizo liko kwenye beringi au bakuli. Ikicheza moja tu, ni kota au bolti ya kranki hiyo. Muulize muuzaji imechezacheza hivyo kwa muda gani, maana huenda tundu limeshaliwa.

Toa cheni kwenye meno, zungusha kranki kwa mkono, weka kidole kwenye fremu karibu na nyumba. Kidole kitasikia mchanga kabla ya sikio.

Piga magoti utazame pembeni mwa nyumba. Ukiona kota, ni kizazi cha kwanza. Ukiona bolti katikati ya kranki na nyuma yake bakuli lenye mashimo au meno ya spana, mara nyingi ni pembe nne. Ukiona bakuli nene zilizotokeza nje zenye meno kuzunguka, na kranki ya kushoto ina bolti mbili za kubana, ni ile ya beringi za nje. Usipoona meno wala mashimo ya spana popote, uso ni laini tu, jua beringi zimeshindiliwa.

Chukua rula upime upana wa nyumba. Milimita 68, au 73 kwa za milimani, mara nyingi ni nyuzi za Kiingereza. Milimita 70, wasiwasi wa Kiitalia. Ikizidi 86, mara nyingi imeshindiliwa. Lakini usitegemee rula peke yake, kwa sababu BB30 nayo ina upana wa 68. Kinachoitofautisha ni ule uso laini.

Halafu kabla ya kulipa, nenda kwa fundi wa mahali utakapoishi, si wa mahali unaponunua. Muulize ana pula, ana spana ya bakuli, na gololi za robo inchi anazo? Kwa kota na pembe nne, jibu ni ndiyo karibu kila mahali ambapo nimewahi kusimama na baiskeli. Kwa beringi za nje, nunua spana yako mwenyewe, ni kifaa kimoja tu, ukae nacho kwenye begi. Kwa za kushindilia, kama huna mtu wa karibu mwenye presi na mkono uliotulia, iache wamnunulie wengine.

Mimi sisemi ya zamani ni bora kwa sababu ni ya zamani. Ile ya Kifaransa ni ya zamani na leo kuipatia bakuli ni shughuli. Ya beringi za nje ni ya kisasa na naipenda. Uzito wa gramu mia mbili tatu utausahau ukishazoea barabara. Kitu cha kuuliza kabla hela haijatoka mfukoni ni hiki: sehemu hii ikilegea, kitakachoharibika ni kipande ninachoweza kukinunua, au ni fremu? Jibu likiwa ni kipande, lipa, panda, uwahi kipindi cha kwanza.